Viberiti Vitupu vya Bulwa



Nimeombwa niseme juu ya takwimu, maana ndizo zinazonipa ugali. Ya ofisini nitayaacha. Nitasema ya darasa la pili huko Bulwa, Usambara ya Mashariki, katikati ya mashamba ya chai, nilikokwenda kikazi.

Darasa lilikuwa limejaa, kama yalivyojaa mengi tangu michango ya shule ilipofutwa mwaka 2016. Mwalimu hakuwa na chati wala kalamu za rangi. Alikuwa na kapu la viberiti vitupu. Akachora mstari wa chaki sakafuni, akaandika chini yake: mhogo, magimbi, ndizi, mkate. Kila mtoto aweke kiberiti kimoja penye kitafunio alichonywea chai asubuhi.

Safu zikarefuka. Mtoto mmoja akapiga kelele kwamba ndizi imeshinda. Mwalimu hakumkosoa, aliwaambia wahesabu tu. Kumbe viberiti vya ndizi vilikuwa vimeachiana nafasi! Wakavisogeza wenyewe vikagusana, vyote vikaanzia mstarini. Jambo hilo mimi nilifundishwa kwa maneno matupu nikiwa mkubwa, nikalikariri kwa ajili ya mtihani.

Basi akabaki binti mmoja amesimama, kiberiti mkononi.

"Weka, mwanangu."

"Mwalimu, mimi nilikunywa chai tupu."

Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akaandika mahali pa tano: chai tupu. Binti akaweka. Akaja mwingine, akaondoa kiberiti chake kwenye mkate, akakihamishia pale. Wakaja wengine. Safu ya tano ikaipita ya mkate, ikaipita na ya mhogo.

Ndugu zangu, nilitazama chini. Fomu ngapi nimezitunga kwa mkono wangu, zisizo na mahali pa mtoto yule? Nazo zikajazwa, nikajumlisha, nikapeleka mbele.

Kesho yake kila kiberiti kikawa mraba mmoja kwenye karatasi, uliopakwa mkaa. Karatasi hiyo ikatundikwa kwenye mkutano wa wazazi. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Wakaanza kuzungumzia uji wa saa nne: nani atatoa mahindi, nani kuni. Sufuria kubwa hawana.

Karatasi nimeiomba, nimekuja nayo. Ipo mezani pale, kwa mweka hazina wetu.