Tuijue moteri ya gari yetu kabla ya kusema tuiuze

Maneno ya komite ya gari mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Minova

Tumeombwa tuseme juu ya ile Toyota Noah yetu. Swali ni moja: tuiuze tutafute mpya kidogo, ao tuitunze? Sisi wa komite tunasema tuitunze, na sababu zetu ni hizi.

Kazi ya gari hii kila mtu hapa anaijua. Tuliporudi makwetu tulikuta nyumba zimebomoka na mashamba yamekuwa pori. Gari haikujenga nyumba hata moja. Lakini mama akishikwa na uchungu usiku kule juu mlimani, ni yenyewe inamfikisha hospitali. Mwanachama akifiwa Nyabibwe ao Kalehe, ni yenyewe inapeleka familia. Ikilala garaji mwezi mzima, hatuna nyingine.

Jambo la kwanza: Noah ni jina tu. Chini ya jina hilo kuna moteri mbalimbali, na piyesi za moja haziingii kwa nyingine. Noah za kwanza, zilizotengenezwa Japani kuanzia 1996 mpaka 2001, ziko za esansi na ziko za mazutu. Ya esansi ina moteri 3S-FE, ukubwa wake ni sentimita za ujazo 1,998. Ya mazutu ina 3C-T ao 3C-TE, ukubwa 2,184. Yetu ni ya esansi.

Namna ya kujua si ngumu. Soma kile kibati kidogo cha chuma cha mtengenezaji, usitazame rangi wala matangazo ya mwuzaji. Namba ya muundo ikianza na SR, hiyo S inakuambia moteri ni ya ukoo wa S, esansi. Ikianza na CR, ni ukoo wa C, mazutu. SR40 inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, SR50 inasukumwa na yote manne. Sheria hiyo hiyo mwenye Corolla nyumbani anaweza kuitumia: AE100 ina moteri ya ukoo wa A, CE100 ni ya mazutu, NZE121 ina ukoo wa NZ.

Na jina la moteri lenyewe linasomeka. Kwenye 3S-FE, namba 3 ni mzao wa tatu katika ukoo wa S. Herufi F inaonyesha kichwa cha moteri kilichopangwa kwa kutumia esansi kidogo. E ni kwamba esansi inapulizwa kwa umeme, hakuna kabiratere. Ukiona G mahali pa F, hiyo ni moteri ya mbio. Ukiona T, kuna turbo. Ukiona FSE, simama kwanza: hiyo inapuliza esansi moja kwa moja ndani ya silinda, na pompa yake ni ya namna nyingine kabisa.

Faida yake tuliiona tulipotafuta pompa ya maji. Tuliandika wazi kwa karatasi: 3S-FE. Duka moja likatufungia pompa ya gari ya mazutu, mwuzaji akaapa kwamba Noah zote ni sawa. Kwa sababu shofa wetu alibeba pompa ya zamani mkononi, tulizilinganisha pale pale mezani, tukakataa, pesa ya chama ikabaki mfukoni. Tangu siku hiyo ni desturi: hakuna piyesi inayonunuliwa, iwe Goma, Bukavu, ao imetoka Kisekka kule Kampala, bila jina la moteri kwa maandishi na piyesi ya zamani mkononi.

Jambo la pili: mkanda wa distribisyo. 3S-FE haina mnyororo, ina mkanda wa mpira, na mtengenezaji anasema ubadilishwe kwa kilometa 100,000. Mkanda ukikatika kwa moteri yetu, inazimika, lakini kwa kawaida valvu hazigongani na pistoni. Kwa 3C ya mazutu zinagongana, na hapo moteri inaharibika. Kwa hiyo wengine wanasema yetu haina hatari. Ndugu, hatari iko. Gari ikizimika usiku juu ya mlima ikiwa na mgonjwa ndani, hata kama valvu ni nzima, itatusaidia nini? Na tusitumainie namba ya kilometa kwenye dashibodi, kwani gari ya okazyo inaweza kurudishwa nyuma. Magari mengine kutoka Japani yanabeba karatasi iliyobandikwa kwenye moteri, yenye tarehe na kilometa za kubadilisha mkanda. Yetu haina. Ndiyo maana tunaomba mkanda ubadilishwe sasa, pamoja na pompa ya maji, kwa kuwa mkanda huo ndio unaizungusha, na fundi atakuwa amekwisha kufungua.

Jambo la tatu ni moto wa moteri. Ziwa letu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Kwa urefu huu maji ya wazi yanachemka kwenye digri 95 hivi, hayangoji 100. Kinachozuia maji ya radiateri yasichemke ni ile kofia yake, inayoyakandamiza. Kofia ikilegea, maji yanakimbia, na gari inachemka kwenye mpando hata kama radiateri ni nzima. Kofia ni kitu kidogo, kichwa cha moteri ni kitu kikubwa. Tena tuache kuweka maji ya ziwa. Maji ya Kivu yana chumvichumvi, yanaacha magaga ndani ya njia nyembamba. Tuweke maji ya radiateri ya dukani, na yakikosekana kabisa, maji ya mvua yaliyochujwa. Na kofia isifunguliwe moteri ikiwa ya moto, inaunguza uso.

Jambo la nne: esansi na vumbi. Barabara ya Sake mpaka Kalehe mnaijua: kiangazi vumbi, masika matope. Filtri ya hewa ikungutwe kila juma. Mafuta ya moteri na filtri yake vibadilishwe kila kilometa 5,000, na kiangazi hata kabla. Esansi ya ma-kadafi wa kando ya barabara ichujwe, kwani bidoni zao zinabeba maji na mchanga.

Hapo ndipo tunajibu wale wanaotaka Noah mpya zaidi. Noah za mzao uliofuata, kuanzia 2001, nyingi zina moteri 1AZ-FSE. Mmesikia herufi hizo: esansi inapulizwa ndani ya silinda kwa nguvu nyingi. Ni moteri nzuri penye esansi safi na fundi mwenye mashine ya kuipima. Kwetu huku, penye bidoni, tutalia. Ya zamani tuliyo nayo, fundi wa Minova anaifungua na kuifunga bila kuita mtu Goma.

Lakini hatusemi tuitunze hata ikitufilisi. Tunaweka mpaka: siku matengenezo ya mara moja yatapita nusu ya bei ya gari nyingine kama hii, tutarudi mbele yenu na mtaamua upya.

Neno la mwisho ni gumu kidogo. Kuna ombi kwamba gari ibebe magunia siku za soko ili kese ipate pesa. Gari hii iliundwa kwa watu wanane. Magunia yatakula resori na freni, na pesa ya soko itaishia garaji. Kibaya zaidi, siku ya magunia ndiyo siku mgonjwa atakosa gari. Tunaomba mkatae.

Basi tunaomba kura yenu kwa mambo matatu: mkanda na pompa vibadilishwe mwezi huu, kila mwezi sehemu ya michango iwekwe kando kwa gari peke yake, na kaye ya gari, yenye kila lita na kila piyesi, iwekwe mezani kila mkutano, mwanachama yeyote aifungue. Wafadhili wetu nao watatumiwa nakala. Walitusaidia kununua gari, wana haki ya kujua inavyokula.