Mlinzi wa Nyama wa Pori ni Mfanyakazi kama Sisi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa mgodi na watu wa mji wa Kamina)



Tumeombwa kusema neno juu ya kazi moja ambayo watu wengi hapa hawaipendi. Ni kazi ya mlinzi wa nyama wa pori, yule mwenye bunduki na kofia ya serikali, anayezunguka katika Parki ya Upemba, mashariki kwetu, ng'ambo ya Lualaba. Mtu wa kijiji akisikia habari zake anakumbuka buloko. Mama wa sokoni akimwona anafunika kikapu chake. Kijana mchimbaji wa koltani anamwita adui. Basi sisi makarani, tunaoandika kila siku majina ya watu na mishahara yao katika buku la mgodi, tunataka kuuliza maswali mawili. Mtu huyu analinda mali ya nani? Na yeye mwenyewe, nani anamlinda?

Tuanze na zamani, maana mti haujulikani bila mizizi yake.

Wazee wetu Waluba wanasimulia kwamba ufalme wetu mtakatifu ulitoka kwa mwindaji. Jina lake Mbidi Kiluwe. Alifika kutoka mashariki, akamkuta mfalme Nkongolo, mtu mkali asiyejua kipimo wala adabu. Mwana wa mwindaji huyo, Kalala Ilunga, ndiye aliyemshinda Nkongolo. Tazameni jambo hili: wankambo wetu hawakumdharau mwindaji. Walimfanya baba wa wafalme. Lakini mwindaji waliyemheshimu ni yule mwenye adabu na kipimo. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba sheria ya pori ililetwa na Mzungu ndani ya sanduku. Pori lilikuwa na mwenyewe, uwindaji ulikuwa na heshima yake, na chifu alikuwa na fungu lake.

Kisha akaja Bulamatari. Mwaka 1889 serikali ya Mfalme Leopold wa Pili ilikataza watu kuwinda tembo bila ruhusa yake. Je, ilifanya hivyo kwa sababu ya huruma kwa tembo? Hapana. Ilitaka pembe. Wakubwa wake katika posti walipewa zawadi ya pesa kwa pembe na kwa mpira waliokusanya, na mji wa Antwerp kule Ubelgiji ukawa soko kubwa sana la pembe za ndovu katika dunia. Mwaka 1891 Msiri, mfalme wa Garenganze, aliuawa Bunkeya, na nchi ya Katanga ikachukuliwa pamoja na shaba yake, watu wake na nyama wake.

Baadaye wakaja watu wa namna nyingine, waliotaka kweli kuhifadhi nyama. Mwaka 1925 walifanya Parki Albert, ile inayoitwa leo Virunga. Mwaka 1938 ikafuata Garamba. Tarehe 15 Mei 1939 ikawa zamu yetu: Parki ya Upemba. Nani aliulizwa? Mamlaka ilikuwa Brussels. Watu wa vijiji waliamka siku moja wakaambiwa kwamba pale walipowinda, pale walipovua, pale walipozika wazee wao, sasa ni mahali pasipoingiwa. Na nje ya parki, mwenye pesa na bunduki nzuri alilipa ruhusa akapiga tembo, akapigwa picha juu ya mzoga. Mtu mweusi aliyetega mtego kwa ajili ya watoto wake akaitwa mwizi. Tendo moja, majina mawili! Hapo ndipo chuki ilipoanza, na tusidanganyane, chuki hiyo ilikuwa na sababu.

Basi ulipofika uhuru, tarehe 30 Juni 1960, wengi walifikiri: Mbelgiji ameondoka, na sheria yake iende naye. Lakini sikieni ajabu. Kule Virunga, wakubwa wengi Wazungu walipokimbia, walinzi Wakongo walibaki. Hapakuwa na mtu wa kuwasukuma. Walisimama kwa sababu waliona kwamba kitu wanacholinda sasa ni chao.

Tangu siku zile sheria imekuwa yetu. Tarehe 22 Agosti 1969 nchi yetu ilitoa sheria yake yenyewe ya kulinda nyama na pori. Tarehe 28 Mei 1982 ikatoa sheria ya uwindaji. Tarehe 11 Februari 2014 ikatoa nyingine mpya, inayosema kwamba watu wanaokaa karibu na pori wasikizwe. Parki ya Kundelungu, jirani ya Upemba, ilifanywa mwaka 1970 na Wakongo, si na Wabelgiji. Hatuwezi tena kusema: hii ni sheria ya Mzungu. Tunaloweza kuuliza ni hili: sheria iliyobadilika mwenyewe, je, imebadilika na moyo?

Tuseme sasa mali yenyewe ni nini. Parki ya Upemba leo inahesabiwa kilometa za mraba 11,730. Inaanzia katika mabonde na maziwa ya Lualaba, inapanda mpaka juu ya milima ya Kibara, kwenye majani mafupi na baridi ya Lusinga. Huko juu wako pundamilia, ambao ni wa mwisho katika Kongo yetu yote. Mtoto wa Kongo akitaka kuona pundamilia wa porini wa asili katika nchi yake mwenyewe, hana mahali pengine. Wako tembo wachache waliobaki wa upande huu wa Katanga. Na katika majani ya maji ya Lualaba kuna swala ambaye wenye elimu walimtambua mwaka 2005 kuwa namna ya peke yake, asiyepatikana kokote duniani isipokuwa hapa kwetu. Ndugu, shaba iko Zambia, iko Chile. Swala huyu yuko kwetu tu.

Tena kuna samaki. Nani kati yetu hajala samaki mkavu wa Upemba au wa Kisale? Mgodi wa Katanga ulijengwa kwa jasho la watu, na watu hao walilishwa samaki wa maziwa haya. Pale ambapo hakuna mlinzi, watu wanavua na chandarua cha mbu, wanatoa hata watoto wa samaki wasiofika kidole. Mwaka wa kwanza kikapu kinajaa. Mwaka wa tano, mvuvi anarudi na tope.

Wengine watasema: «Mtoto ana njaa, na ninyi mnahubiri habari za pundamilia?» Ni neno la haki, na tunalijibu. Katika Kiswahili chetu cha hapa, «nyama» ni jina moja la yule anayetembea porini na la kile kilichomo katika sufuria. Hatuoni haya kwa neno hilo. Lakini mwenye shamba hali mbegu yote. Na tena tuulize: pembe ya tembo, je, inaliwa? Mtu wa kijiji anayepiga tembo anapata pesa kidogo. Pembe inapita mkononi mwa wa pili, wa tatu, wa nne, inavuka mpaka, na utajiri unakaa mbali. Tangu mwaka 1989 mataifa yamekubaliana kukataza biashara ya pembe za ndovu kutoka nchi kwenda nchi, lakini biashara ya kujificha haikufa. Mambo hayo hayamshibishi mtoto wa Malemba-Nkulu. Ni njia ileile ya Leopold, ila magari ni mapya.

Sasa tumtazame mlinzi mwenyewe.

Kazi yake ni kutembea. Anabeba unga, chumvi, maji na risasi, anakaa porini siku nyingi pamoja na wenzake wachache. Anatafuta mitego, anaikata. Anafuata nyayo. Anasikia bunduki, anakwenda kule inakolia, wakati mtu mwingine yeyote angekimbia. Na kule anakokwenda hakuti tena mzee mmoja na gobore lake. Anakuta watu wa vita. Mwezi wa Mei 2004 Mai-Mai waliishambulia Lusinga, makao makuu ya parki, wakaua watu. Mwezi wa Desemba 2012 mkuu wa Parki ya Upemba, Atamato Madrandele, aliviziwa njiani akauawa. Kule Virunga, tarehe 24 Aprili 2020, walinzi 12 waliuawa kwa siku moja karibu na Rumangabo, pamoja na raia. Rodrigue Katembo, aliyekuja baadaye kuongoza Upemba, alikamatwa na kuteswa mwaka 2013 alipokuwa Virunga, kwa sababu alikataa parki ifunguliwe kwa watafuta mafuta. Mwaka 2017 dunia ilimpa zawadi ya Goldman. Ni vizuri. Lakini mjane wa mlinzi hawezi kupika zawadi ya mwenzake.

Hapa ndipo sisi wafanyakazi tunapopaswa kuelewa upesi kuliko watu wengine. Sisi tunajua maana ya kufanya kazi ya hatari. Tunajua maana ya mwisho wa mwezi usio na mshahara. Katika miaka ya vita walinzi wengi wa parki za nchi yetu walikaa miezi na miezi bila kulipwa. Mtu mwenye bunduki ya serikali na watoto wenye njaa anaachiwa njia mbili tu: kuomba mlungula, au kuuza kile anacholinda. Akifanya hivyo tunamlaani. Lakini aliyemwacha bila mshahara, huyo hatumtaji.

Mnataka kujua kama kazi yao ina faida? Tazameni vifaru weupe wa Garamba, kaskazini ya nchi. Mwaka 1984 walikuwa wamebaki kama 15 tu. Walinzi wakapewa nguvu na vyombo, vifaru wakazaana wakapita 30. Kisha vita vikaingia, wauaji wakaja na silaha kubwa, walinzi wakazidiwa. Leo porini hakuna hata mmoja wa namna ile. Hiyo ndiyo hesabu ya karani: pale mlinzi aliposimama, hesabu ilipanda, alipoachwa peke yake, hesabu ikafika sifuri. Na sifuri ya nyama haiandikwi upya mwezi unaofuata.

Basi tunadai nini? Tunadai mambo manne.

La kwanza, mlinzi alipwe mshahara wake kwa wakati, apewe viatu na dawa, na akifa kazini, mjane wake na watoto wake wasifukuzwe nyumbani mikono mitupu. Hatudai kwa ajili yake kitu ambacho hatujidai wenyewe.

La pili, sheria ipande juu. Leo inamkamata mwenye mtego, inasimama. Ipande mpaka kwa mnunuzi wa pembe, mpaka kwa mwenye gari, mpaka kwa mkubwa anayetia sahihi karatasi ya kupitisha. Vilevile katika koltani na kasiteriti inayochimbwa ndani ya parki: kijana mwenye jembe anafukuzwa, lakini yule anayenunua magunia yake analala vizuri mjini. Sheria inayomjua maskini peke yake bado ni sheria ya Bulamatari, hata kama anayeitekeleza ni ndugu yetu.

La tatu, watu wa vijiji vya kando ya parki wasifanywe wageni katika nchi ya wankambo wao. Mipaka waonyeshwe waziwazi. Vijana wao wapewe kazi ya kwanza, maana nani anajua pori kuliko mtoto wa mwindaji? Wavuvi wawe na mahali pao na majira yao yanayojulikana. Na mlinzi anayempiga mtu au kumnyang'anya samaki wake ahukumiwe kama mtu mwingine. Sare haimpi mtu ruhusa ya kuiba.

La nne ni letu sisi wenyewe, watu wa mji. Mitego mingi inatengenezwa kwa waya: kamba ya breki ya kinga, waya wa umeme, waya wa kazini. Waya hauoti porini. Unatoka mikononi mwa watu wa mji na wa mgodi. Unamshika mguu swala, anakaa siku tatu akioza akiwa mzima, na mara nyingi mwenye mtego harudi hata kumchukua. Basi tusiuze waya huo. Tusinunue nyama ya parki kwa kujionyesha katika sherehe, wakati tuna mbuzi, kuku na samaki. Mwenye njaa kijijini ana neno la kujitetea. Sisi wenye mshahara hatuna.

Ndugu, zamani tulilia kwamba nchi inaamriwa na watu wa mbali. Kilio hicho kilikuwa cha haki. Lakini uhuru maana yake si kwamba hakuna tena mlinzi mlangoni. Maana yake ni kwamba mlango ni wetu, na mlinzi ni wetu, na sisi ndio tunaopaswa kumwuliza hesabu na kumlipa jasho lake. Siku mlinzi wa Lusinga atakaposhuka Bukama na kupita sokoni, akasalimiwa na mama bila kikapu kufunikwa, naye akasalimu bila kunyoosha mkono wa kuomba kitu, siku hiyo tutajua kwamba sheria imebadilika moyo pia.

Kazi hiyo haingojei Kinshasa peke yake. Ianze kwetu, kesho asubuhi, kwenye waya na kwenye sufuria.