Mwimbie Mtoto, Mchezeshe, Apate Nguvu

   Leo nitazungumza juu ya jambo ambalo halihitaji pesa: kumwimbia mtoto na kumchezesha.

Mama, labda unajiuliza, wimbo unahusiana vipi na miguu ya mtoto? Mtoto akisikia mdundo hutaka kuufuata. Hurusha miguu, hupiga makofi, huyumba. Kwa kufanya hivyo shingo, mgongo na miguu yake hupata nguvu.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani, Charles Super, aliwachunguza watoto wa Kipsigis huko Kokwet. Aliona akina mama wakiwafundisha kukaa, na wakiwashika makwapani na kuwarukisha mapajani. Watoto hao walikaa na kutembea karibu mwezi mmoja mapema kuliko watoto wa Marekani. Lakini katika kutambaa, ambako hawakufundishwa, hawakuwatangulia. Kwa hivyo kiungo kinachozoezwa ndicho kinachopata nguvu.

Sasa, mtoto anayeshinda mgongoni tangu asubuhi huku mama akichuma majani chai, anazoezwa saa ngapi? Kumbeba si vibaya. Anahisi joto lako na mwendo wako. Lakini Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asifungwe zaidi ya saa moja mfululizo. Unapopumzika, mfungue. Tandika leso mahali safi, mbali na moto na dawa za shamba.

Kama bado hatambai, mlaze kifudifudi akiwa macho, ukimwimbia mbele ya uso wake ili ainue kichwa. Fanya hivyo mara kadhaa, jumla ya dakika 30 kwa siku. Wakati wa kulala, mlaze chali. Anayekaa, mpigishe makofi. Aliyetimiza mwaka mmoja, mshike mikono mcheze pamoja. Yeye anahitaji dakika 180 za kucheza na kutembea kwa siku. Usimpe simu imbembeleze. Sauti yako yatosha. Na kamwe usimtikise mtoto kwa nguvu, kwani ubongo wake unaweza kuumia.

Wimbo pia humpima mtoto. Kogo mmoja aliniletea mjukuu wa miezi 8. Majirani walimsifu mtoto huyo kwa upole. Kogo akaniambia, "Sista, hata nikiimba hageuki." Nilipiga makofi nyuma yake, kimya. Nikamwandikia barua aende kupimwa masikio, na ikaonekana hasikii vizuri. Sasa anasaidiwa. Kama kogo angenyamaza, tungejua lini?

Kwa hivyo mama, usingoje mtoto wako akifikisha miezi 9 bila kukaa mwenyewe, au miezi 18 bila kutembea, au kama hageuki akisikia sauti. Usiambiwe ni mvivu, wala usimfiche nyumbani kwa aibu. Chukua kitabu chake cha kliniki uje tumwone mapema.

Jioni ya leo, ukingoja chungu kichemke, mwimbie wimbo ule ulioimbiwa na mama yako. Na baba akifika, naye aimbe.