Kivuli Kimoja, Paneli Nane

Leo tunapanda juu ya paa.

Chukua nyumba yenye paneli 8 za sola, kila moja wati 400, zimefungwa sirizi: chanya ya hii kwenye hasi ya ile, mpaka kwenye inveta. Jua likiwa kali, kila paneli hutoa kama volti 31 na ampea 13. Volti hujumlishwa. Ampea hazijumlishwi, ni zilezile zinazopita kote. Sasa saa tisa alasiri kivuli cha tangi la maji kimefunika paneli moja, ampea zake zimeshuka hadi 5. Mstari mzima unabanwa. Watengenezaji walilijua hilo, ndiyo maana paneli nyingi zina dayodi 3 za kuupitisha umeme kando ya seli zilizofunikwa. Paneli saba zinaokoka, lakini kile kidogo cha ya nane kinapotea.

Optimaiza ni kisanduku kinachofungwa nyuma ya paneli. Hupokea zile ampea 5 kwa volti 31, yaani wati 155, kikazitoa kama ampea 13 kwa volti 12 hivi. Paneli iliyofunikwa inakwenda sawa na wenzake, na wati zake zinafika nyumbani. Jua halijaongezeka hata kidogo. Kilichozuiwa ni upotevu.

Liko jambo jingine, nami naliona zito zaidi. Mchana, paneli hizo 8 zina zaidi ya volti 250 hata inveta ikizimwa, na fundi anaweza kufa. Baadhi ya optimaiza hushusha kila paneli hadi volti 1 inveta inapozimwa.

Hata hivyo, paa lako likiwa wazi toka asubuhi hadi jioni, fedha za kununulia optimaiza zitakufaa zaidi kwenye betri. Na kama tangi linahamishika, lihamishe kwanza. Ukiamua kununua, muulize fundi kama kifaa kinakubaliana na inveta uliyonayo, maana vingine havikubali.

Kwa hiyo kesho toka nje saa tatu, saa sita na saa tisa, utazame kivuli kinaangukia wapi. Rudia mwezi Juni. Kwa aliye Dar es Salaam, mti wa upande wa kaskazini usiosumbua Desemba ndio unaofunika paneli Juni, jua linapohamia kaskazini.