Kichwa Kinachowasha Kisipuuzwe: Nywele Zinazotoka na Kuacha Kovu

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Kiambere, Mbeere Kusini



Nywele zikitoka, la kwanza ni kuangalia kama vitundu vya ngozi bado vipo. Ndani ya kila kitundu kuna seli zinazootesha unywele upya. Mama aliyejifungua hupoteza nywele nyingi miezi michache baadaye, lakini vitundu vyake ni vizima na nywele hurudi. Upara wa kovu ni jambo jingine.

Katika upara huu, seli za ngozi kwenye shina la unywele hutoa protini ziitwazo saitokini. Kazi yake ni kuita chembe nyeupe za damu, kama mtu apigaye nduru kijiji kikaja mbio. Penye kidonda, nduru hiyo huokoa. Hapa haikomi. Chembe zilizoitika huharibu seli za kuotesha nywele, na mahali pake hujaa kovu. Kovu halioti nywele, hata lipakwe mafuta ya bei gani.

Aina inayowapata zaidi wanawake wenye asili ya Kiafrika huanzia utosini na kuenea polepole pande zote. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliipa jina la kitana cha moto. Baadaye ilionekana hata kwa wanawake wasiowahi kukitumia. Wengi walikuwa wamelaumiwa bure. Mwaka 2019 watafiti, akiwemo Profesa Ncoza Dlova wa Afrika Kusini, walitoa matokeo ya wanawake 58 wenye ugonjwa huo. Kati yao, 14 walikuwa na kasoro katika jeni iitwayo PADI3, inayosaidia kuunda unywele. Kwa hiyo binti ambaye utosi wa mamake umepukutika aangaliwe mapema.

Hata hivyo saluni haijaachiliwa. Rasta zinazovutwa hadi mtu akose usingizi hung'oa nywele za panja. Zikilegezwa mapema nywele hurudi. Ikipita miaka, hubaki kovu. Mtoto anayelia akisukwa mistari hadeki, anaumia. Wanaume nao wachunge vipele vya kisogoni baada ya kunyolewa, kwani vikiachwa huweza kuwa vigumu na kuacha upara.

Dalili ni mwasho, kuchomachoma, utosi kuuma ukiguswa, nywele kukatika na ngozi kuanza kung'aa. Wengine hawasikii chochote, na mara nyingi msusi ndiye anayeona kwanza. Msusi akiliona doa hilo, amwambie mteja faraghani badala ya kulifunika kwa wigi.

Kwenye kituo cha afya mgonjwa anaweza kupewa rufaa kwa daktari wa ngozi, ambaye huenda akakata kipande kidogo cha ngozi, baada ya kukitia ganzi, kipimwe maabara. Zipo dawa za kupaka, sindano za kichwani na vidonge vya kutuliza saitokini hizo. Nia yake ni kuokoa nywele zilizobaki, na ndiyo maana miezi ya kungoja ina gharama. Krimu kali za kununuliwa bila daktari hufanya ngozi iwe nyembamba.

Anayekwenda kupimwa afumue nywele kwanza, na abebe chupa za mafuta na dawa zote alizowahi kupaka.