Hotuba juu ya Kazi ya Kukaa na Wazee Wetu



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya baraza ya wazee ikutanayo kila Jumatano katika ukumbi wa chama. Hesabu za mablanketi, unga na nauli zimekwisha kusomwa na Mweka Hazina, wala haifai tuzirudie. Sisi twataka kusema habari ya mambo ambayo hayakuingia katika hesabu hizo.

Tulipoanza kazi hii tulidhani kwamba twaijua. Wengi wetu ni makarani na walimu, watu wa kalamu, na jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kupiga mistari katika daftari. Safu ya kwanza jina, ya pili umri, ya tatu ugonjwa, ya nne jamaa wa karibu, ya tano kitu alichopewa. Wazee wakaja kutoka vijiji vya kandokando ya Nyeri, na wengine kutoka njia ya Karatina. Wakaandikwa, wakanywa chai, wakakaa. Ndipo tulipotambua kwamba hatukuwa na neno la kuwaambia. Tukaleta redio. Tukaleta karata. Wazee walizitazama karata zile kwa adabu, kama mgeni atazamavyo picha za harusi ya watu asiowajua, na ilipopiga saa tisa wakaomba ruhusa ya kurudi makwao.

Siku moja mama mmoja wa chama alikuja na kiondo alichokuwa akijifunza kusuka. Bibi mmoja, ambaye kwa miezi miwili hakuwa amesema ila "ndiyo" na "asante," alinyosha mkono akakitwaa, akakigeuzageuza, kisha akaanza kukifumua. Alifumua kazi ya wiki nzima pasipo kusema neno, na mwenye kiondo alikuwa karibu kulia. Halafu bibi akaomba katani, akaisokota juu ya paja, akakianza upya kitako cha kiondo, na safari hii alimwita yule mama "mwanangu" na kumpiga vidole kila alipokosea. Alitueleza kwamba utotoni mwake nyuzi zilitoka katika magome ya mugio, wala si katani, sembuse hizi sufu za rangi za dukani. Jumatano iliyofuata tulimkuta mlangoni kabla ya mwenye funguo kufika.

Katika nchi za Australia na New Zealand kazi ya kuwashughulisha wazee ni taaluma kamili. Watu huisomea na kupewa vyeti, na kazi yao ni kumtafutia mzee shughuli ya kumwamsha akili na moyo. Katika chama chetu hakuna aliyeisomea. Lakini kifungu cha 57 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 chasema kwamba wazee wana haki ya kushiriki katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima, na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na Serikali. Sisi tulikuwa tukikisoma kifungu hicho na kuona matunzo peke yake. Kujiendeleza tulidhani ni neno la vijana wa masomo ya jioni. Fedha za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, ni msaada kweli, lakini fedha haziwezi kukaa na mtu mchana kutwa.

Basi tukaongeza safu ya sita katika daftari: "Anachokijua." Safu tano za kwanza hujazwa kwa dakika chache. Hii ya sita yaweza kula alasiri nzima, na karani mwenye haraka hawezi kuijaza. Mzee mmoja ajua mti ufaao kuchongwa mzinga wa nyuki, na mahali pa kuutundika. Mwingine aweza kutaja vipande vyote vya ardhi ya ukoo wake, mpaka kwa mpaka, kama vilivyokuwa kabla ya mashamba kuunganishwa katika miaka ya 1950. Mama mmoja akumbuka walichokula katika njaa ya mwaka 1943, alipokuwa mtoto. Sisi, ambao tulizoea kuuliza maswali na kuandika majibu, tulijifunza kukaa kimya na kungoja. Tukirudi nyumbani tuliona haya kidogo, maana tulikuwa na wazazi wetu wenyewe ambao hatujawauliza kitu tangu tulipotoka shuleni.

Sasa hatuna budi kusema na kosa letu. Tuliona ni vyema kuchimba mashimo ya giuthi nyuma ya ukumbi, bao lile la safu mbili walilocheza wazee wetu walipokuwa wavulana malishoni. Tukawaketisha wanaume wawili waliolingana umri. Hatukuuliza. Mmoja alikuwa amefungwa Manyani wakati wa Hali ya Hatari. Wa pili alikuwa ngati, yaani mlinzi wa kijiji upande wa Serikali. Kila mtu wa umri wao alilijua jambo hilo isipokuwa sisi tuliowaandika. Walizitazama kete kitambo, kisha yule wa Manyani akachukua fimbo yake akaondoka.

Hakurudi kwa muda wa majuma saba. Tulimwendea nyumbani mara tatu kumwomba radhi, na mara ya tatu alitukaribisha uji. Aliporudi, alichagua mwenyewe mahali pa kuketi, na hatukumwonyesha kiti tena. Yule mwingine alifariki wakati wa mvua za masika. Mzee wa Manyani alituuliza siku ya mazishi, tukamwambia. Hakwenda. Lakini Jumatano ile alikwenda nyuma ya ukumbi peke yake, akayasafisha mashimo ya giuthi yaliyojaa tope, akampigia kelele kijana wa darasa la saba aje acheze.

Daftari liko mezani kwa atakaye kulitazama. Twaomba katani, na watu watatu wa kufika kila Jumatano saa nane, wenye subira ya kuketi. Karata zimo kabatini. Asiye na karata na azichukue.