Jenerali Sarakikya na Jeshi Lililoanzishwa Upya: Mada kwa Walimu wa Historia wa Kilosa na Mikumi

Mwaka 1892 wapiganaji wa Mkwawa waliteremka kutoka Uhehe, wakaivamia ngome ya Wajerumani ya Kondoa, jirani na Kilosa, na kuwaua askari waliokuwamo. Agosti 1916 mji wa Kilosa ukaangukia mikononi mwa majeshi ya Uingereza yaliyokuwa yakiwasukuma Wajerumani kusini mwa Reli ya Kati. Pande zote mbili za vita hiyo ziliwachukua wanavijiji kwa nguvu kuwa wapagazi, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa na maradhi. Kwa vizazi kadhaa, mtu wa silaha aliyepita katika bonde la Mkondoa alikuwa wa mtwa wa Wahehe, wa Kaisari au wa mfalme wa Uingereza. Mwenyeji alijua jambo moja tu: afiche mtoto na chakula.

Mada hii inamhusu ofisa aliyekabidhiwa kazi ya kuubadili uhusiano huo. Ni Jenerali Mrisho Sarakikya, Mkuu wa Majeshi wa kwanza wa Tanzania.

Sarakikya alizaliwa Meru mwaka 1934. Alijiunga na jeshi la kikoloni la King's African Rifles, KAR, akapelekwa katika chuo cha maofisa cha Sandhurst nchini Uingereza. Alitunukiwa kamisheni mwaka 1961, mwaka wa Uhuru. Maofisa Waafrika wa Tanganyika wakati huo walikuwa wachache mno. Mwenzao Alexander Nyirenda ndiye aliyewasha Mwenge juu ya Kilimanjaro Desemba mwaka huo, na picha yake ikaingia vitabuni. Lakini kambini mambo yalikuwa yale yale. Vikosi viwili vya KAR, cha 6 na cha 26, vilibadilishwa jina tu, vikawa Tanganyika Rifles. Makamanda walibaki Waingereza, na mishahara ilibaki ya chini.

Alfajiri ya Jumatatu, 20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Walidai nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Siku iliyofuata maasi yakafika Tabora, kwenye batalioni ya pili, alikokuwa Sarakikya akiwa kapteni. Waasi wa huko walimkubali awe kiongozi wao. Alikuwa katika nafasi ya hatari sana: akiwapinga wazi, damu ingeweza kumwagika, akiwaunga mkono, angekuwa mhaini. Alichofanya ni kutumia imani yao kuwatuliza na kuzuia mauaji. Kwa maoni ya mwandishi, hapo ndipo ulipoonekana ukamanda wake, kabla hajapata cheo kikubwa chochote.

Tarehe 25 Januari makomando wa Uingereza walitua Colito kwa ombi la Mwalimu Nyerere, na maasi yakazimwa. Ilikuwa fedheha kwa nchi yenye miaka miwili tu ya uhuru kumwita mkoloni wa jana aje kuwanyang'anya silaha askari wake. Nyerere hakuificha fedheha hiyo. Februari aliwaita mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakutane Dar es Salaam, na baadaye batalioni ya Nigeria ikaja kushika zamu ya ulinzi wakati Tanganyika ikijijenga upya.

Tanganyika Rifles ilivunjwa. Serikali iliwaita wanachama wa Umoja wa Vijana wa TANU wajiandikishe kuwa kiini cha jeshi jipya, na Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lililoanzishwa Julai 1963, likawa chemchemi nyingine ya kuruta. Sarakikya akapandishwa kutoka kapteni hadi brigedia na kukabidhiwa uongozi. Tarehe 1 Septemba 1964 Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, likazinduliwa, likiwa jeshi la Muungano wenye umri wa miezi minne tu.

Ofisa huyu wa miaka 30 alikuwa na mzigo wa pekee. Ilimpasa kumfundisha kuruta nidhamu ya gwaride na wakati huo huo kumwondolea dhana kwamba yeye ni bora kuliko mkulima. KAR ilimtenga askari na jamii yake makusudi, ili siku ya amri asisite kumpiga risasi ndugu yake. JWTZ ilikwenda kinyume. Askari aliruhusiwa kuwa mwanachama wa TANU, makamisaa wa siasa wakawekwa vikosini, na elimu ya uraia ikawa sehemu ya mafunzo. Walimu wa kijeshi walitoka China, na kuanzia 1965 hadi 1970 Canada ilileta kundi lake la wakufunzi. Colito, iliyopewa jina la uwanja wa vita wa KAR nchini Ethiopia, ikaitwa Lugalo, mahali ambapo Mkwawa aliwashinda Wajerumani mwaka 1891.

Watu wa Mikumi waliona kwa macho kwa nini jeshi hilo lilihitajika. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, mafuta ya Zambia, yaliyokuwa yakipitia huko, yalipitishwa kwa malori katika barabara inayokatiza hifadhi yao. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likakamilika. Kusini, Wareno walikuwa Msumbiji wakipigana na wapigania uhuru wa FRELIMO. Mwongozo wa TANU wa 1971 ukataka wananchi wenyewe wafunzwe silaha, na mgambo likawa neno la kila kijiji.

Sarakikya aliondoka jeshini mwaka 1974, akamwachia Abdallah Twalipo, naye akaendelea na utumishi wa serikali katika uwaziri na ubalozi. Mtihani mkubwa wa alichojenga ulikuja baada yake, Idi Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978. Jeshi lilipanuka haraka kwa kuwaingiza mgambo na vijana wa JKT, na Kampala ikatekwa 11 Aprili 1979.

Mfumo ule ulikuwa na kasoro yake, na ni haki kuisema. Jeshi lililofungamana na chama kimoja lilimnyima mwenye mawazo tofauti nafasi ya kusikika. Halikupata kinga kamili pia: Januari 1983 wanajeshi na raia walikamatwa kwa tuhuma za njama ya kuipindua serikali. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, wanajeshi walitakiwa kuachana na uanachama. Hata hivyo, nchi hii haijawahi kutawaliwa na jeshi. Jirani zake kadhaa hawakupata bahati hiyo, na sehemu kubwa ya sifa inastahili kwenda kwa kazi ya miaka ile kumi.

Walimu wa Kilosa na Mikumi mnaombwa jambo moja. Katika vijiji vyenu wapo wazee waliopita JKT, mgambo na Kagera, na umri wao umeenda. Watumeni wanafunzi wakawahoji, waandike majina ya vikosi, miaka na njia walizopita, na madaftari hayo yahifadhiwe shuleni.